Mama Mkwe wa Saa Moja

Jioni ya kwanza baada ya maziko, marehemu alimwambia mumewe afunge mlango, na mumewe akaufunga.

"Funga mlango huo, unatuingizia upepo," ilisema televisheni. Mzee Somo, akiwa bado amevaa shati jeusi la msibani lenye mikunjo ya dukani, akainuka, akavuta mlango wa sebuleni, akasukuma komeo, akarudi kukaa. Alipokwisha kukaa ndipo alipogundua alichokifanya. Wenzake wote walikuwa wamegundua kabla yake. Hakuna aliyecheka, ingawa siku ya kawaida jambo lile lingechekwa wiki nzima.

Sauti ilikuwa ya mkewe. Hilo halikuwa na mjadala. Kazi ya mama wa nyumba hii ilikuwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye tamthilia ya kigeni inayorushwa kila siku saa moja jioni, na humo alikuwa Mama Mkwe: mwanamke mwenye hereni kubwa kama vifuniko vya sufuria, anayemtesa mke wa mwanawe kwa nidhamu na bidii. Nyumbani alikuwa mpole kiasi kwamba paka wa jirani walihamia kwake bila kuaga. Maneno hurekodiwa mapema, kila mtu alilijua hilo. Kwa hiyo mama alizikwa mchana, na jioni alikuwa kazini.

Mumewe alikuwa fundi makochi na mzee wa kanisa, na kazi hizo mbili hakuzitenganisha. Springi ikikatika, aliona mwamini aliyevunjika moyo. Sponji ikinyonya chai iliyomwagika, aliona roho inayopokea kila kitu bila kuchagua. Aliwahi kutazama goli la kujifunga akalitolea somo la kuanguka kwa mwanadamu, na beki aliyejifunga akaombewa kwa namba ya jezi. Ndiyo maana waumini walimwita Mzee Somo, naye akalipenda jina. Utaratibu wa nyumba ulikuwa huu: tamthilia ikiisha, televisheni inazimwa, na kila mtu anatoa somo alilolipata kabla ya sala. Usipotoa somo, chakula kinakungoja wewe, na wengine wanakungoja na chakula.

"Haya," alisema jioni ile, televisheni ingali ikiwaka na Mama Mkwe angali kwenye kioo. "Somo?"

Hatimaye Shangazi, dada yake mkubwa, alijipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Somo ni kwamba hajatuacha."

"Nani hajatuacha?" Binti mkubwa, ambaye wote walimwita Dada, aliuliza kwa ukali kidogo.

"Mama yenu. Hukumsikia?"

Pipi, kitinda mimba, alikuwa sakafuni akimshindilia mwanasesere wake mabaki ya sponji. Aliona watu wanatazama kioo, naye akakitazama, kisha akamtazama Shangazi aliyekuwa akikinyooshea kidole na kumwonyesha kwa ishara kwamba mama ndiye yule.

"Huyo ana hereni," Pipi akasema. Akarudi kwenye kazi yake.

Tangu msimu wa mvua sikio lake la kulia lilikuwa likitoa usaha, la kushoto limeziba, na siku hizi ukimwita ilibidi umguse bega. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake ambaye hakuwa amesikia kitu.

Mambo haya huanza kidogo. Mama Mkwe alimkaripia mpishi wake kwa kuzidisha chumvi, na Mzee Somo akasukuma sahani pembeni. Mama Mkwe akamwonya mwanawe ajihadhari na mtu mwenye suti nyeupe; kesho yake mwalimu wa kwaya akaja kuchukua kochi lake, shati jeupe, suruali nyeupe, kiatu cheupe. Mzee Somo alimzuia mlangoni.

"Kochi langu si limekwisha?"

"Limekwisha."

"Basi nipe."

"Siwezi kukupa ukiwa umevaa hivyo."

Mwalimu wa kwaya alijitazama kuanzia juu hadi kwenye viatu, akitafuta doa. Hakuliona. Alirudi kwake, akaja amevaa kaki, akapewa kochi, na tangu siku hiyo aliimba akiwa ameupa mgongo upande anaokaa Mzee Somo.

Shangazi alihamia kabisa. Alileta mkoba mmoja na maswali mengi. Kila jioni kabla ya tamthilia alipiga magoti mbele ya kioo na kunong'ona: "Wifi, lile shamba niuze, nisiuze?" Kisha alikaa akasubiri. Uzuri wa Mama Mkwe ni kwamba anaongea sana. Ukimpa muda, atajibu swali lolote.

Habari zikatoka, na waumini wakaanza kuja. Viti havikutosha, wakaenda kukaa kwenye makochi ya karakana yaliyovutwa hadi sebuleni, yale ambayo bado hayajavishwa, mbao zake zikiwa wazi kama mbavu na mikanda ikilalamika chini ya makalio ya watakatifu. Mchungaji alikuja siku moja. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema atalibeba jambo hili kwenye maombi. Akaondoka nalo, na hakulirudisha.

Iliyotisha zaidi si sauti. Ni nafasi walizokuwa wakimwachia. Mzee Somo alijifunza kusema neno na kunyamaza kwa kipimo, na sauti ikaingia hapohapo, kama watu waliozoeana miaka mingi mezani.

"Leo nimechoka," angesema.

"Wewe siku zote umechoka," ingejibu televisheni, ikimwambia mtu mwingine, katika nyumba nyingine.

Naye angetabasamu. Dada, aliyekuwa akikata vitambaa mezani nyuma yao, aliliona tabasamu lile ubavuni mwa shavu la baba yake, na mkasi ukakata upande. Hakuweza tena kukata mstari mnyoofu baada ya saa moja. Alihamishia kazi ya kukata mchana.

Pipi alipozidiwa, Dada na baba yake walimpeleka hospitalini, wakaitwa baada ya kusubiri asubuhi nzima. Nyuma ya sikio la kulia la Pipi palikuwa pamevimba, pamekuwa pekundu, na sikio lenyewe lilikuwa limesukumwa mbele kama mlango ulioachwa wazi. Muuguzi alifungua pamba, akarudisha kichwa nyuma.

"Mtoto ananuka hivi, nyinyi mnakuja leo?" alisema, na benchi zima likageuka. "Huko kwenu hamna pua?"

"Tulikuwa na msiba," alisema Dada.

"Msiba mwingine mnautengeneza."

Mzee Somo aliyazoea makutano ya watu yanayomsikiliza yeye. Alitazama viatu vyake.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye kope nzito za kukosa usingizi, na maneno hakuyapamba. "Mfupa wa nyuma ya sikio umejaa usaha. Tunafungua, tunasafisha. Hili la kushoto lina maji ndani tu, tunatoboa ngoma ya sikio kidogo yatoke. Akipona vizuri, huku atasikia."

"Mnafungua kwa nini?"

"Kwa kisu, Mzee. Kijiko hakitoshi."

"Na tukianza na maombi?"

"Anzeni. Alhamisi asubuhi nileteeni akiwa hajala, na wewe mwenyewe uje uweke sahihi." Alipoona uso wa mzee haujabadilika, aliweka kidole nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Usaha uko hapa. Ubongo uko hapa. Katikati kuna kimfupa chembamba kama ganda la yai. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alikuwa amemwelewa. Walipokuwa wakitoka walipita mbele ya wodi ya wanawake, na Mzee Somo akabadilisha upande, akamshika Pipi mkono mwingine, ili asiwe yeye anayepita karibu na mlango ule. Njia nzima hakutoa somo hata moja, ingawa gari la taka lilikwama mbele yao likiwa limeandikwa "Neema Yatosha".

Jumanne sebule ilijaa. Katika tamthilia, mjukuu wa Mama Mkwe alikuwa kitandani, na madaktari wawili wenye nywele nzuri kupita kiasi walikuwa wamekuja kumchukua. Mama Mkwe akasimama mlangoni, hereni zikametameta.

"Mtoto huyu hataguswa na kisu," akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo mama alikuwa akiitumia nyumbani mara moja tu kwa mwaka, na watu walikuwa wakiitii. "Nimesema. Anayemtaka aupite mwili wangu kwanza."

Mzee Somo alinyanyuka akazima. Hadithi ilikuwa haijafika hata nusu.

"Tumesikia," akasema.

Mtu fulani kwenye kochi lisilovishwa akasema amina, kwa sauti ndogo, kama aliyekanyagwa.

"Baba, tumesikia nini?" Dada alikuwa ameshasimama.

"Mama yako amesema."

"Amesema habari za mjukuu wake wa kwenye tamthilia!"

"Amesema leo. Hakusema mwezi uliopita, hakungoja mwezi ujao. Sisi tunakwenda Alhamisi, yeye anasema Jumanne. Mungu wetu ni wa kubahatisha?"

"Hata mimi nimesisimka mwili," Shangazi akasema, akionyesha mkono.

"Shangazi, wewe jana ulisisimka kwa tangazo la sabuni."

"Mwone! Mdomo huo ungeutumia kuomba, mdogo wako angeshapona."

Dada akamgeukia baba yake, akashusha sauti. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Ulisema somo la kweli linakusukuma ufanye jema ulilokuwa unalikwepa. Likikuruhusu ukae palepale ulipotaka kukaa, ulitilie shaka. Ni maneno yako haya, nimeyasikia tangu naota meno. Hili mbona hulipimi?"

Wageni wakaanza kuchunguza mikanda ya makochi kana kwamba wamekuja kununua.

"Mama yako aliingia hospitali ile kwa miguu yake," akasema Mzee Somo. "Mkoba alibeba mwenyewe. Alinigombeza kwa kuacha taa ya karakana ikiwaka. Unakumbuka alivyotoka?"

Dada alikumbuka.

"Basi. Siweki sahihi."

Pipi alikuwa ameketi katikati yao, kichwa kimeegemea upande wa kulia kama anayesikiliza sakafu. Aliona midomo ikisimama, akajua mazungumzo yamekwisha, akainua mikono ili abebwe kupelekwa kulala. Dada alipombeba alihisi joto likipenya gauni. Alikuwa na miaka kumi na saba; kwa hospitali, sahihi yake ilikuwa mchoro.

Studio alimofanyia kazi Mama ilikuwa juu ya duka la matairi. Jumatano asubuhi Dada alipanda ngazi zinazonuka mpira, akaingia chumba kidogo kisicho na dirisha. Kuta zilikuwa zimevishwa sponji na kitambaa cha kijivu, na mshono aliutambua: ulikuwa wa baba yake. Mle ndani sauti ya mtu ilikufa mara tu ikitoka mdomoni.

Fundi mitambo alikuwa peke yake. Walimwita Ndevu, kwa sababu zinazoonekana. Alimpa Dada kiti, akampa pole, akampa pole tena, na katika muda wote huo hakumtazama usoni.

"Kaka, nataka unisaidie kitu kimoja. Njoo umweleze Baba kwamba Mama alikuwa anasoma karatasi. Mimi nikisema hanisikii. Anaamini Mama anaongea naye."

"Wazee wakifiwa..." Ndevu aligusa kitufe ambacho hakikuhitaji kuguswa. "Atazoea."

"Mdogo wangu atakufa."

Akamweleza yote: mfupa, Alhamisi, kisu, amina. Ndevu alivua vipokea sauti vilivyokuwa vikining'inia shingoni, akaviweka mezani polepole kama vyombo vya udongo.

"Maneno gani hasa yalimfanya akatae?"

"Mtoto huyu hataguswa na kisu."

"Huyo hakuwa yeye."

"Hakuwa yeye vipi?"

"Karatasi ile mama yako hakuwahi kuiona. Alipolazwa tulikuwa tumebakiwa na vipindi vichache tu vyenye sauti yake. Viliisha akiwa bado wodini."

"Kwa hiyo mmemleta mwanamke gani?"

Ndevu alikwenda kufunga mlango. Aliporudi hakukaa. Alivuta pumzi puani, pumzi fupi yenye kukwaruza kidogo mwishoni, na kabla hata hajasema neno Dada alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, kwa sababu pumzi ile aliijua.

"Mtoto huyu hataguswa na kisu," akasema Mama, katikati ya ndevu.

Dada alirudi nyuma mpaka ukuta wa sponji ukampokea. Uso ulikuwa wa mwanamume mnene aliyekosa usingizi, mwenye makombo ya mkate kidevuni. Midomo ndiyo haikuwa yake. Na kilichomtia Dada hofu kuliko yote kilikuwa ndani mwake mwenyewe: alitaka aseme tena.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya maziko." Sauti ilikuwa imerudi kuwa ya Ndevu, nzito, yenye kutu. "Yote mliyoyasikia baada ya kumzika ni mimi. Mkubwa alisema watazamaji wasijue. Mimi nilimvaa masikioni miaka mingi, dada yangu. Najua anapomeza mate. Najua anapotaka kucheka akajizuia. Siku ya kwanza nilijaribu kwa utani tu, kumwonyesha mkubwa, na utani ukakubali." Alijikuna kidevu, makombo yakaanguka. "Nilidhani namtunzia kazi yake. Siku hizi nikirudi nyumbani sisemi na mtu. Naogopa itatoka ipi."

Dada alifikiria mlango uliofungwa, sahani iliyosukumwa, waumini walioacha kazi zao kuja kupewa mwongozo. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya alivuliwa suruali nyeupe na fundi mitambo.

"Leo saa moja njoo nyumbani," akasema.

"Watanipiga."

"Kwetu kuna sponji tu. Njoo, kaka."

Alikuja. Alitambulishwa kama mtu aliyefanya kazi na marehemu, na kwa hiyo akapewa mikono ya pole na nafasi nzuri, pembeni, kwenye kochi lenye mikanda mitupu. Aliketi akiwa amebana magoti kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Pipi alikuwa amelazwa kwenye jamvi karibu na ukuta, macho yanang'aa, midomo imekauka.

Muziki wa tamthilia ulipoisha, Dada alinyoosha mkono akashusha sauti mpaka mwisho.

"We mtoto! Ongeza!" Shangazi akafoka.

"Mmechoka na baraka?" akauliza mtu wa nyuma.

Kwenye kioo Mama Mkwe akaingia, akavua glavu, akafungua mdomo.

"Mmekusanyika wote kunisubiri mimi?" ikasema sauti. "Vizuri sana. Kaeni, basi. Kaeni ninapoweza kuwaona."

Watu wakatulia, wameridhika. Ilichukua muda kidogo kabla mmoja wao hajahisi kwamba sauti inatoka upande usio wake. Akageuza kichwa. Akageuka wa pili. Vichwa viligeuka mstari mmoja hadi mwingine bila mtu kusema neno, mpaka sebule nzima ikawa inatazama kona, ambako mwanamume mwenye ndevu alikuwa amefumba macho, mikono mapajani, akiongea kama marehemu. Nyuma yao mdomo wa Mama Mkwe uliendelea kufunguka na kufungika, umeachwa bila mtu.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi alisimama juu ya kochi, mkanda ukakatika, akazama hadi kiunoni. "Pepo!" akapiga kelele kutoka humo. "Toka! Toka kwa huyo baba!"

"Samahani," akasema Ndevu kwa fadhaa, akafumbua macho. "Samahanini jamani." Lakini ilitoka ileile ya Mama, ya upole, ya kuombea watu radhi jikoni, na wengine watatu wakakimbia nje. Akakohoa, akakohoa tena, mpaka akaipata ya kwake. "Samahani. Ni mimi. Ni kazi tu. Ninasoma karatasi."

"Siku zote hizi?" Shangazi alikuwa amekamata kichwa. "Na lile shamba?"

"Shamba gani, mama?"

"Nimeshauza!"

Mzee Somo hakuwa amesogea. Aliinuka sasa, akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya Ndevu kama anavyochuchumaa mbele ya kochi kutafuta limevunjikia wapi.

"Ni wewe uliyesema kisu?"

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe."

"Na ule mlango?"

"Mlango upi?"

Hakuukumbuka hata. Mzee Somo alitikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu. Wote walitegemea akasirike. Mtu mzima aliyevuliwa nguo mbele ya washirika wenzake ana haki ya kukasirika. Badala yake aliinama zaidi, na aliposema, alisema chini sana, lakini kila mmoja alisikia.

"Niite."

"Nikuite?"

"Kama alivyokuwa akiniita yeye. Mara moja tu. Halafu uende zako, sitakudai kitu."

Ndevu akavuta pumzi ile, puani, fupi, yenye kukwaruza. Dada alitaka kumzuia na hakumzuia. Mama wa maombi aliacha kujinasua kwenye mikanda. Mdomo ulifunguka kati ya ndevu, ukabaki wazi, na ndani yake hapakutoka kitu.

"Mzee," akasema hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe, "sijui alikuwa anakuitaje. Hilo halikuwahi kuandikwa."

Mzee Somo akafunika uso. Mabega yake yalianza kutikisika, na yalipoanza yake, ya Ndevu nayo yakafuata, na sebule nzima ikawa inalia, wengine kwa ajili ya marehemu, mmoja kwa ajili ya shamba.

Pipi alikuwa ameinuka kwenye jamvi. Alitembea akishika mbao za makochi, mkono mmoja baada ya mwingine, akamfikia baba yake, akaweka kiganja kwenye shingo yake.

"Baba," akasema kwa sauti ya juu mno, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao, "kwa nini mnamlilia huyu mjomba?"

Kiganja kilikuwa cha moto. Mzee Somo alikishika, akakigeuza, akamwekea mtoto mkono kwenye paji la uso, kisha nyuma ya sikio. Kidole kilizama kama kwenye sponji iliyolowa, na Pipi akapiga ukelele.

"Mkoba wake uko wapi?" akauliza, ameshamwinua begani.

"Baba, walisema Alhamisi asubuhi," Dada akajibu, huku akikimbilia chumbani kuufuata.

"Hiyo Alhamisi itatukuta hukohuko."

Muuguzi alikuwa yuleyule. Alifungua mdomo, akamwona mzee na mzigo wake, akaufumba, akaita daktari. Karatasi ililetwa, kalamu ikaletwa. Mzee Somo aliomba kwanza nafasi ya kusali, na muuguzi, aliyewaona wazee wa kanisa wengi, akatafuta mahali pa kuegemea. Lakini sala ya mtu huyu, ambayo Jumapili ilikuwa ikiunguza mboga za waumini majikoni, siku ile ilikuwa na neno moja.

"Haya," akasema, macho juu.

Akaweka sahihi.

Siku zilizofuata zilikuwa za kukaa. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kama mtu aliyesahau kitu. Daktari alisema usaha ulikuwa umebakiza kidogo sana kufika ubongoni, akaonyesha udogo wenyewe kwa vidole, na hapakuwa na hewa ya kupita kati ya vidole vile. Sikio la kulia hakuliahidi. La kushoto alisema wasubiri.

Siku moja mchana daktari alitoa pamba ya kushoto, Pipi akajilaza tena. Jioni alikuwa bado amelala chali, kichwa kimefungwa bandeji kubwa, akichezea ncha ya shuka. Dada alikuwa miguuni pake. Mzee Somo alikuwa kwenye kiti cha chuma, ameinama, akikagua mshono wa mto wa hospitali na kutoridhika nao. Kwenye kibaraza nje ya wodi televisheni ya wagonjwa ilikuwa imetundikwa karibu na dari. Mtu akaiwasha. Muziki ukaja, kisha sauti kali, yenye madaha, ikimuuliza mkwewe anadhani yeye ni nani katika nyumba hii.

Pipi aligeuza kichwa. Hapakuwa na mtu aliyemgusa.

Dada akashika ukingo wa kitanda. Mzee Somo aliacha mto.

Mtoto alisikiliza kwa mdomo wazi. Kutoka alipolala kioo hakikuonekana. Palikuwa na mlango tu, na mwanga wa bluu ukicheza ukutani, na sauti. Uso wake ulianza kufunguka polepole, kuanzia machoni, furaha ikamjaa mpaka bandeji ikaonekana ndogo.

"Ni Mama," akasema. "Anagomba. Baba, Mama yuko pale nje!"

Dada alivuta pumzi aseme kitu. Baba yake aliinua mkono. Sauti ile ilikuwa inaingia nafasi kwa nafasi, kama zamani, na kama angependa, angeweza kunyamaza tu. Hakuna kitu kingine ambacho angehitaji kufanya. Alisogeza kiti mpaka chuma kikagonga kitanda, akainama kwenye sikio la kushoto.

"Si Mama."

"Ni yeye. Sikiliza."

"Nasikia. Inafanana sana. Ni yule mjomba mwenye ndevu, aliyekuja nyumbani."

Pipi alicheka, kwa sababu huo ulikuwa utani mbaya. "Mwambie aje basi. Mwambie niko huku."

"Hawezi kuja, mwanangu." Mzee Somo alisema neno moja moja, kwa sauti ya kawaida, asipunguze, asiongeze. Msibani watu wazima walikuwa wameyasema yote juu ya kichwa cha mtoto, wakidhani ameyasikia. "Mama amekufa. Tulimzika, ulikuwepo, ulirusha ua. Tutamwona siku moja. Lakini si leo, na si kwenye kile kioo."

Pipi alimtazama mdomoni, kama alivyozoea kuwatazama watu midomoni, kisha akamtazama machoni. Nje ile sauti iliendelea kugomba.

Mdomo wa mtoto ukapinda, akalia. Kilio kikatoka kikubwa, kikampata yeye mwenyewe sikioni. Akanyamaza ghafla, macho yamemtoka, akasikiliza kama mtu aliyesikia mtoto mwingine ndani ya chumba. Akangoja. Alipohakikisha kwamba kilikuwa cha kwake, akaanza upya.